Bakuli la Bibi Lusia

Watu wa Nkowe walisema sitamaliza mwezi katika kazi ya wakimbizi. "Mkimbia korosho kawapata wakimbizi wenzake," alisema shemeji yangu, na waliokuwepo wakacheka hadi wakakohoa. Ujanani niliyakimbia mashamba ya korosho ya ukoo, na sasa nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam, nilikouza mitumba na kujilipia chuo cha Biblia mwenyewe hadi nikapata stashahada ya theolojia, kichwa kikiwa na mvi. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Katika ukoo wetu mwenye stashahada ni mimi peke yangu, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo.

Siku ya kwanza kazini niliripoti Nachingwea kwa Katibu wa Huduma, nikiwa nimevaa suti. Watu waliochomewa vijiji Msumbiji walikuwa wakivuka Ruvuma, na kanisa lilitaka mwinjilisti wa kukaa nao. Katibu alinikabidhi daftari la mgao, yaani orodha ya nani amepokea nini, kisha akanipa kanuni.

"Hao tunawaita wahudumiwa. Mkono wako uwe juu, wa kwao uwe chini. Usile chao hata tonge, watu watasema unawanyonya."

"Nimeelewa, mheshimiwa."

"Wasomi mnaelewa upesi," alisema. "Tutaona."

Kituo cha kwanza kilikuwa Mandawa, kwenye familia chache. Sikuchelewesha mgao hata siku moja. Kwa sifa hiyo nilihamishiwa Chiola, penye watu wengi na vyombo vichache. Nikaazima sufuria nyumba kwa nyumba, kwa Wakristo na kwa Waislamu. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya Bi Somoe, mkulima wa ufuta.

"Hii ni ya maulidi, mwinjilisti. Wapikie watu," aliniambia. "Ila mila unaijua. Chombo hakirudi kitupu."

Niliijua. Mimi ni Mmwera, nani asiyeijua?

Kati ya wahudumiwa wangu alikuwepo Bibi Lusia, mjane wa Kimakonde aliyewazika wanawe wawili njiani. Kwa vile hakuwa na chombo, nilimpa uji katika bakuli langu mwenyewe. Kesho yake alilirudisha limejaa kisamvu, alichokichuma kwa ruhusa ya mwenye shamba na kukitwanga mwenyewe. Foleni nzima ilikuwa ikitazama. Nikakumbuka kanuni ya Katibu. Nikamimina kisamvu kile kwenye kanga yake.

"Bibi, wewe ni mhudumiwa. Wanaotoa ni sisi."

Alifunga kanga taratibu. "Haya, mwanangu. Bakuli lako hilo, tupu."

Hakurudi tena kwenye foleni. Majirani walimpelekea uji, akawa anawapa watoto wao. Niliandika daftarini kwamba amekataa mgao, nikaona nimemaliza kazi yangu. Wiki ya tatu wakaniita: homa imempata, na zahanati hataki. Nilimkuta amelala mkekani, mwepesi kama pumba. Nikainua mikono nimwombee, kama nilivyofundishwa chuoni.

"Ya kwako imenitosha," alisema. "Tangu nije, unaniwekea mikono. Ya kwangu hujaitaka hata mara moja. Piga magoti, nikubariki, kisha nitakwenda huko zahanati."

Nje walikuwa wamesimama watu, na suruali yangu ilikuwa imepigwa pasi. "Nitarudi kesho, bibi," nilimwambia.

Kesho yake nilirudi, nikakuta wanamkafini.

Baada ya hapo niliipindua kazi yangu. Kila nilipomaliza kuwaombea watu, nilipiga magoti vumbini nao wakaniwekea mikono, mmoja mmoja, hata wenye vidonda. Nilikula mlenda wao. Nakiri kwamba sikuwahi kubarikiwa vile na askofu yeyote, na ibada zetu zilianza kuwa na uzito ambao chuo hakikunifundisha. Katibu alinipa barua ya onyo. Hata hivyo sikupata amani. Kila mkono ulionigusa kichwani ulinikumbusha mmoja uliokosekana.

Kisha yakaja malori, wote wakapelekwa kambini mbali, na kituo kikafungwa. Umri wangu wa kustaafu nao ulikuwa umetimia. Sijui nani kati yao yu hai. Nawaandikia barua, hazijibiwi. Vijana mnaoingia kazi hii mtafundishwa kutoa, na mtafundishwa vizuri. Kupokea hakuna atakayewafundisha, na mtachelewa kama nilivyochelewa mimi.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kurudisha sufuria. Kinamama walikuwa wamezisugua kwa majivu kabla ya kupanda malori, na ndani ya kila moja wakaacha konzi ya choroko za vibustani vyao. Niliendesha baiskeli siku nzima. Bi Somoe alifunua mfuniko, akazigusa choroko kwa vidole.

"Nani katia?"

"Wao."

"Na huko waendako watapanda nini?"

Akazimimina choroko kwenye ungo kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto.

Jioni ile nilikuwa nimewalipa wote walioniazima. Shemeji yangu alikiri mbele ya watu kwamba kazi nimeiweza. Stashahada yangu iko ukutani Nkowe, na chini yake, kwenye rafu, liko bakuli langu. Ni tupu, kama nilivyotaka mwenyewe.