Labeka ya Riyama

Tangu Riyama arudi kwa dada yake pale Amani, watu wa mtaa wamepata la kusema, na wamelisema mpaka limewaishia mdomoni. Karogwa. Ana kiburi. Ukimwita haitiki; anakuja kimya, anasimama mbele yako na uso wake uliochoka, anangoja umwambie unataka nini. Mtoto wa kike wa Unguja hufunzwa kuitika kabla hajajua kuvaa viatu: ukiitwa, sema labeka. Mtu mzima asiyejua hilo kalelewa wapi?

Kalelewa vizuri sana. Neno lenyewe ndilo aliloporwa.

Miaka tisa aliishi uani kwa mtu mmoja, huko mashamba ya kaskazini, aliyetaka aitwe Sahibu. Alikwenda baada ya kufiwa na mume, na mfa maji haishi kutapatapa. Sahibu alisema dua za watu kama Riyama hazipandi mpaka azipandishe yeye. Akasema pia kwamba labeka ni neno la mahujaji, wanamwitikia nalo Mola wao, basi haifai kulitupa ovyo kwa wazazi na majirani. Waliomo uani mwake wamwitikie nalo yeye tu. Na wakamwitikia, watu wazima na akili zao! Lete maji. Labeka, Sahibu. Usiende mazikoni. Labeka, Sahibu.

Siku moja mama yake, Bi Kazija, alifika pale langoni juani, akaita, "Riyamaa!" kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwitia chakula utotoni. Akaita tena, na tena. Riyama alikuwa upande wa pili wa lango, ndoo mkononi, anasikia. Hakuitika. Baadaye akasikia viatu vya mama vikiondoka.

Habari ya kifo cha Bi Kazija, Sahibu aliitoa usiku mmoja baada ya chakula, kama mtu anayesema mkaa umekwisha, akaongeza kuwa anayefia nje ya ua haliliwi. Riyama akaweka sahani chini, akatoka. Hakuna aliyemkimbiza. Lango halikuwa na kufuli. Halikuwahi kuwa nalo hata siku moja, na akilifikiria hilo anachoka upya.

Sasa anashona kofia uani kwa Ulfat, dada yake, kitundu kimoja baada ya kingine. Anasali kwa sababu Ulfat anasali. Anainama, anainuka, na akifika kwenye dua mikono inamshinda. Aliambiwa Mola hafikiki ila kupitia kwa Sahibu, na Sahibu ni mwongo. Basi apite wapi? Hajui kama amebaki na imani au na mazoea tu, na jambo hilo linamtisha kuliko Sahibu mwenyewe.

Alhamisi moja Ulfat alimwita kutoka jikoni, akarudia, akarudia tena, mwisho akatoka na mwiko mkononi.

"Riyama, mie nshachoka! Nnakwita kama naita jiwe. Ndivyo ulivyomfanyia mama?"

Sindano ikasimama. "Nilimsikia, dada. Nilikuwa nyuma ya lango. Nikanyamaza."

Hasira zikamtoka Ulfat zote. Akakaa pale pale chini, karibu yake.

"Mama alijua. Aliiona miguu yako chini ya lango. Karudi hapa akasema, 'Yumo, mzima, kanisikia.' Nikamwambia, mbona hakukuitikia? Akasema, 'Kaitika moyoni. Mungu kamsikia, na mie yanitosha.'"

Riyama akalia. Alilia kama mtoto, makamasi na yote, mpaka kofia ya watu ikalowa mapajani. Huko jikoni wali uliungua kabisa, wakaula vivyo hivyo.

Alasiri adhana ikatoka msikiti wa mtaani, spika inakoroma kama kawaida yake. Riyama alikuwa keshatawadha, amekaa kwenye msala, mwili mzito, macho yamevimba. Hakupanga kusema kitu. Neno likamtoka lenyewe, kwa sauti iliyokauka kwa kutotumika.

"Labeka."

Ulfat akachungulia mlangoni. "Sijakwita mie."

"Najua, dada," alisema Riyama, akainua mikono.