Bakuli la Bradha Tomasi

Juzi mjukuu wangu alivunja kikombe. "Si mimi, kogo," akaniambia mimi bibi yake, na mkono wa kikombe bado ameushika. Nilitaka kumgombeza, nikamkumbuka Bradha Tomasi.

Nilikuwa na umri kama wake siku mama aliponituma nipeleke maziwa kwa watawa, ng'ambo ya shamba la majani chai. Jikoni kulinukia moshi na mkate. Bradha Tomasi, yule mzee mpishi, alipoinama kuchochea moto, nilishika bakuli lao kubwa la udongo. Likaniponyoka, likavunjika.

"Ni paka!" nilisema.

Alitazama huku na huku, kana kwamba anamtafuta huyo paka. Kisha akaniwekea uji, akaokota vipande vyote, akaingia navyo chumba cha kulia.

Nilichungulia mlangoni. Watawa walikula kimya, vijiko tu vikilia, naye alikuwa amepiga magoti mbele yao akiwa ameshika vile vipande. Nilidhani amenyimwa chakula na anaomba. Nilicheka kwa sauti, mpaka wote wakageuka. Yeye hakugeuka.

Ukubwani ndipo nilipojua kwamba kwao aliyevunja chombo hupiga magoti hivyo, akikiri kosa lake mbele ya wenzake.

Alinirudishia mkebe wa maziwa ukiwa umeoshwa. "Msalimie mama," aliniambia. "Na yule paka mwambie asiogope kurudi."

Nilimwambia mama kwamba watawa wana mbwa mkali. Sikurudi tena.