Ua Tulilolijua kwa Kidole

Mlima Liru ulionekana kutoka mlangoni kwetu Koboko. Mvua za kwanza zikishapita, wanawake waliokwenda kuokota kuni huko juu walirudi na habari za ua moja dogo la zambarau, lililoota kwenye nyufa za mawe tu. Miaka mingine halikuonekana kabisa. Mama alilisuka katikati ya tabaga yake, kile kifuniko cha chakula ambacho hakikosekani katika nyumba ya Mnubi.

Jina hatukuwa nalo. Mama alinyoosha kidole mlimani akasema kwa Kiswahili chetu, "Ile iko natoka," nasi tukajua limeanza kuchanua. Majirani zetu Wakakwa, wenye mlima, bila shaka walikuwa na jina lake. Lakini nani angejisumbua kuuliza jina la kitu kinachoonekana? Hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka wa sabini na tisa, vita vilipotufikia, tulikimbilia Sudani, tabaga ikiwa imefunika sufuria kichwani kwa mama. Huko kambini akaugua. Asubuhi moja baada ya mvua alinyoosha kidole mlangoni akaniuliza, "Ile iko natoka?"

Mbele yetu palikuwa na mahema, na nyuma ya mahema nyasi tupu.

"Iko natoka, mama," nikamjibu.

Tabaga ninayo. Wajukuu zangu, waliozaliwa huku mbali na mlima, huniuliza ile nyota katikati ni ya nini. Nawaambia si nyota, ni ua. Wanauliza, ua gani? Nanyoosha kidole, kisha nakishusha.