Mgongano wa Saa Mbili na Saa Nane

Mwajiri wangu wa kwanza baada ya kurudi Kyela alikuwa mfanyabiashara wa mjini, Haji mmoja mwenye asili ya pwani, ambaye hakuweza kumnyima mtu jibu zuri. Ukimwomba jambo, alikubali. Akija mwingine kuomba kinyume chake, naye alikubaliwa, tena kwa tabasamu lilelile. Watu walimsifu kwa upole. Mimi kazi yangu ilikuwa kuugeuza upole huo kuwa programu ya kompyuta, na ndipo nilipoufahamu vizuri.

Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na fuso lililokwenda Lyulilo, kando ya ziwa, siku za gulio kubeba mizigo ya wachuuzi: samaki, na vyungu vinavyoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Mizigo ilishushwa Kyela mjini, mingine ikaendelea hadi Kasumulu mpakani. Wachuuzi walikuwa wakimpigia simu kutwa nzima kuuliza gari litaondoka saa ngapi. Akachoka kupokea, akataka programu ya kuwatumia meseji. Akaniajiri mimi, mwenye diploma ya Mbeya, pamoja na mpwa wake, mwenye shahada ya Dar es Salaam. Mpwa aliitwa mtaalamu. Mimi niliitwa yule binti wa kompyuta.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma ya duka, penye magunia ya saruji na joto la kuivisha mkate. Tulikaa tumepeana migongo. Mtaalamu alivaa hedifoni kubwa tangu asubuhi, akazivua kwenda kuswali adhuhuri, akarudi akazivaa tena. Ningeweza kumgusa bega bila kunyanyuka kwenye kiti, lakini tulizungumza kwa meseji, na hata hizo alizijibu kesho yake.

Kwa asiyeijua kazi hii nieleze kidogo. Tulitumia Git, programu inayotunza kila badiliko linalofanywa kwenye mafaili. Kila mmoja alikuwa na nakala yake, tunaiita tawi, anafanya kazi humo bila kumsumbua mwenzake, kisha matawi yanaunganishwa. Nikirekebisha maneno ya juu na yeye akarekebisha ya chini, Git inaunganisha yenyewe bila kelele. Tukigusa mstari mmoja, kila mtu akaandika lake, inasimama. Haijui nani yuko sahihi, na haijifanyi kujua, tabia ambayo ningependa wenye shahada waiige. Inaweka maneno ya huyu juu na ya yule chini, inayazungushia alama na majina ya matawi, inamsubiri mtu mwenye akili aje aamue.

Mtaalamu alikuwa na njia yake ya kuamua. Ipo amri fupi ya kusema chukua yangu, tupa ya mwenzangu. Aliiandika upesi upesi kama anayefukuza kuku jikoni. Asubuhi nikifungua kompyuta nakuta kazi yangu haipo.

"Ule mgongano nimeshausuluhisha," alinijibu siku moja bila kugeuka.

"Umeusuluhishaje?"

"Yangu ilikuwa nzuri zaidi."

"Uliisoma yangu?"

"Dada, tukianza kusoma kila kitu hatutamaliza."

Nilirudisha kazi yangu, maana Git haisahau kilichowahi kuhifadhiwa. Akaifuta. Nikairudisha. Mwishowe nikafungua tawi jipya, kwa hasira nikalipa jina usifute-tena, nikamwambia mbele ya mjomba wake kwamba mgongano ni swali, na huwezi kulijibu swali kwa kumfukuza aliyeuliza. Haji akasema nimesema kweli. Kisha akamgeukia mpwa wake akamwambia naye amesema kweli. Mpwa hakuwa amesema kitu.

Wiki hiyohiyo mama mmoja muuza samaki kutoka Matema alikuja dukani. Alimweleza Haji kwamba gari likichelewa Lyulilo, samaki wake wanaharibika juani.

"Saa mbili asubuhi, mama," Haji akasema. "Inshallah."

Akaniita, akaniagiza niandike saa mbili kwenye meseji ya wateja. Nikaandika. Mimi nilipokwenda kula, akaingia mama mwingine, mfinyanzi wa Ikombe. Huyu alisema ziwa likichafuka mitumbwi yao haifiki Lyulilo mapema, na gari likiondoka asubuhi vyungu vinabaki ufukweni. Akaomba gari lisubiri hadi saa nane mchana. Haji akamkubalia, akamwambia mpwa wake aandike saa nane. Naye akaandika. Niliporudi nilimkuta amevaa hedifoni zake, na hakuna aliyeniambia neno.

Siku ya kuunganisha matawi sikuwepo. Nilikuwa nimetumwa Kasumulu kumwekea wakala wetu programu kwenye simu yake. Git ikasimama kwenye mstari wa saa. Safari hii mtaalamu hakufuta kazi yangu, maana alikuwa na kinyongo na yale niliyosema mbele ya mjomba. Skrini ilimwelekeza asuluhishe mgongano, kisha ahifadhi. Alifanya la pili tu. Git ukiiambia umeshasuluhisha, inakuamini; haifungui faili kukukagua. Na kwa kuwa maneno ya meseji yalikaa kwenye faili la maandishi matupu, hakuna kilichokwama. Siku iliyotangulia gulio, wateja wote wa Haji, kuanzia Matema hadi mpakani, walipokea ujumbe huu:

<<<<<<< HEAD
Ndugu mteja, gari linaondoka Lyulilo saa 8 mchana.
=======
Ndugu mteja, gari linaondoka Lyulilo saa 2 asubuhi.
>>>>>>> usifute-tena

Nilifika Lyulilo siku ya gulio nikiwa sijui lolote. Akina mama wakanizunguka na simu zao. Nilipoisoma meseji nilitamani nami nibebwe kwenye mtumbwi wowote unaoondoka. Mzee mmoja mfanyabiashara wa mpakani, anayejivunia Kiingereza chake, alikuwa amekwisha kuwafafanulia kwamba HEAD ni kichwa, kwa hiyo tangu leo nauli itatozwa kwa kila kichwa. Wengine walikuwa tayari wanamlaani Haji kwa nauli hiyo ambayo haikuwepo. Na karibu wote walikuwa wameitunza meseji kwa uangalifu, kwa sababu mwisho wake ilikuwa imewaonya.

"Sisi hatujaifuta, mwanangu," mama mmoja aliniambia.

"Ndaga fijo, mama," nikamshukuru.

Dereva wa fuso naye alikuwa mmoja wa waliotumiwa. Aliona saa mbili, akaona saa nane, akagawa katikati, akafika saa tano. Alishuka akiwa na uso wa mtu aliyetenda haki. Samaki walikuwa wamekwisha kaa juani muda mrefu, na mitumbwi ya vyungu ilikuwa haijaonekana.

Haji alifika kwa pikipiki, mpwa wake akiwa kwenye pikipiki ya nyuma. Mama wa samaki akamfuata kabla hajashuka vizuri.

"Haji, uliniahidi saa mbili."

Tukiwa bado tumesimama hapo, mitumbwi ikaingia, na yule mfinyanzi akashuka, sketi imelowa hadi magotini. Akalitazama fuso lililokwisha kuwashwa.

"Mnaondoka? Mimi aliniambia saa nane."

Wale wanawake wawili hawakuwa wakifahamiana. Walitazamana, kisha kwa pamoja wakamtazama Haji. Yeye akaitazama simu, akalitazama ziwa.

"Ni mtandao," akasema. "Mtandao umechanganya mambo."

"Ni Git, mjomba," mpwa akadakia. "Ina matatizo kama hayo."

Hapo uvumilivu ukaniisha. Nusu ilikuwa hasira, nusu aibu ya lile jina la tawi langu kusomwa gulio zima.

"Haji, samahani," nikasema. "Mtandao haujachanganya kitu. Mimi uliniambia saa mbili. Huyu ukamwambia saa nane. Kompyuta ikauliza ni ipi kati ya hizo. Mtaalamu hakujibu, na ndiyo maana swali limewafikia wateja wako."

Mama wa samaki akauliza, "Basi jibu ni lipi?"

"Yote mawili, inshallah," Haji akasema.

Hata mpwa wake alicheka. Haji mwenyewe akajaribu kutabasamu, ila safari hii hakuna aliyemrudishia tabasamu. Samaki wasingeweza kungoja vyungu vipakiwe, hivyo fuso likaondoka na wale waliokuwa bado wanafaa kuuzwa, likamwagiwa maji mjini, likarudi Lyulilo kuchukua vyungu. Akina mama wa Ikombe walilisubiri wakiwa wamekaa juu ya mizigo yao, wakimzungumzia Haji kwa Kikisi, lugha yao. Sielewi Kikisi, lakini jina lake nililisikia mara nyingi.

Asubuhi iliyofuata nilimkalisha Haji mbele ya kompyuta, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Nikamfungulia lile faili, nikamwonyesha mstari wa juu na wa chini.

"Huu ni wa mama wa vyungu, huu wa mama wa samaki," nikamwambia. "Futa mmoja."

Akashika kipanya, akakiachia. Akamwambia mpwa wake, "Futa wewe."

"Siwezi kufuta ahadi yako, mjomba," mpwa akajibu. Tangu nimfahamu, hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la kitaalamu.

Mwishowe mistari yote miwili niliifuta mimi, pamoja na alama zake. Nikaandika mpya: gari la samaki saa mbili asubuhi, gari la vyungu saa nane mchana. Haji alilalamikia dizeli hadi adhuhuri, lakini alikubali, kwani kukubali ndiyo fani yake. Kabla ya kuhifadhi nilituma meseji ya majaribio kwenye simu yangu na ya mtaalamu, tukaisoma kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, yeye akiwa amevua hedifoni.

Miezi kadhaa baadaye mtaalamu alialikwa Mbeya kuwafundisha vijana jinsi ya kusuluhisha migongano kwenye programu. Nilikwenda, nikakaa nyuma. Alikisimulia kisa cha Lyulilo vizuri sana, kwa picha na michoro, isipokuwa kwamba katika simulizi yake kosa lote lilikuwa la dereva. Walimpigia makofi. Chakula kilikuwa kizuri, kwa hiyo sikuuliza swali.

Sasa ananipigia simu kabla ya kugusa mstari wowote. Anapiga nikiwa shambani kwetu, nikiwa kanisani, nikiwa nimeinama kuchochea moto. Jana alitaka kujua kama nina pingamizi akiondoa mkato baada ya neno "mteja". Nilimwambia aondoe. Akaniuliza kama nina uhakika.