Nilishusha Gari la Harusi ya Dada Yangu

Jina langu mniache nalo. Hapa Makadara likitajwa tu kuna mtu atacheka mpaka amwage chai, na mimi nimechoka kuwa kitafunio cha watu. Lakini ya moyoni nitayatoa, maana yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mimi ndiye niliyeharibu. Si shetani, si barabara mbovu, si jicho la jirani. Ni mimi, na msumeno wangu wa chuma, na kichwa changu kilichojaa upepo!

Kazi yangu ni kupiga magari rangi. Rafiki yangu Mbugua alikuwa fundi wa bodi, na tulifanya kazi pamoja kwenye kibanda cha mabati ambacho jioni tulikifunga kwa gunia. Ndiyo, gunia. Mlango hatukuwa nao.

Basi tukaamua kuunda gari la spoti la zamani. La kuiga, jamani, msije mkadhani tulikuwa na lile lenyewe! Lile tuliliona kwenye picha tu: pua ndefu, madigadi za kufunika matairi zilizobinuka kama mabega ya mtu mwenye kiburi, viti viwili mbele na kijibenchi cha kubana nyuma. Sisi chini tuliweka mifupa ya gari dogo la saluni la Kijapani, bodi imeoza lakini injini bado inapumua. Juu yake Mbugua akafinyanga bodi ya faibaglasi kwa mikono yake, tabaka juu ya tabaka. Dada yangu Wairimu alikuwa anakuja kutuletea uji, akaishia kushika msasa na kusugua hadi vidole vikachubuka. Ndivyo walivyopendana hao wawili, mimi nikiwa pale pale nakohoa vumbi.

Posa ikapelekwa, wazee wakakubaliana, siku ya harusi ikapangwa. Bibi harusi atapanda gari letu, na mimi kaka yake ndiye nitakayeendesha. Na kulikuwa na jambo kubwa kuliko keki: mzee mmoja mwenye kukodisha magari ya harusi mjini alikuwa amekubali kuja kanisani kuliona. Akilipenda, atatupa kazi ya kuunda mengine kama hilo, nasi tutoke kibandani tuingie karakana ya maana. Mbugua alikuwa anaota karakana hiyo kila siku. "Yenye mlango," alikuwa anasema. "Mlango wa chuma, ndugu yangu, wa kufungua asubuhi kwa kelele watu wajue tumefika."

Sasa njoo kwenye magurudumu.

Mbugua alikuwa na rimu za spoki, nyembamba, zenye kimo, alizozipata kwa mzee mmoja huko Limuru. Alizinyoosha spoki moja moja kama mtu anayepiga gitaa. Akazivalisha matairi membamba, marefu, ya enzi zile. Halafu urefu wa gari akaupima kwa mtindo wake: anaweka gunia la mahindi juu ya kila kiti, lingine kwenye benchi, gari linazama, kisha anapiga magoti na kupitisha ngumi kati ya tairi na madigadi. Ngumi isipopita, anainua springi.

"Gari hupimwa likiwa limeshiba," alikuwa ananiambia.

Nilimcheka! Nilimcheka mbele ya watu. "Mbugua, hili ni gari la spoti au lori la makaa? Limesimama kama mbuni! Padri wa Murang'a, wa kupanda milima ya matope, hawezi kulikataa." Vijana wa kona pale, wale wasio na hata baiskeli, wakaangua kicheko. Mbugua aliinua mabega tu, akaendelea kukaza nati zake.

Na mimi, mpumbavu wa kupigiwa mfano, nikapenda kile kicheko cha kona kuliko rafiki yangu.

Kwetu, harusi ikikaribia, bwana harusi haonekani nyumbani kwa bibi harusi. Alhamisi Mbugua alilileta gari kwetu ili wasichana walifunge riboni, akanikabidhi ufunguo, akaniambia, "Shemeji, tuonane kanisani." Hata chai hakunywa, mama angemfukuza. Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba hataliona tena hadi Jumamosi. Heshima aliyowapa wazee wangu mimi niliigeuza kuwa nafasi ya kumzunguka.

Ijumaa asubuhi nikalipeleka kwa jamaa mmoja wa gereji aliyekuwa na rimu pana za alumini, zinang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Zilitoka kwenye gari la mashindano lililopinduka. Zilikuwa na matairi mapana, yamejaa kifua. Nikampa rimu za spoki, akanipa zile, tukapeana mikono kama watu wenye akili timamu.

Lakini gari bado lilikuwa juu, na matairi mapana juu namna ile yalionekana kama viatu vya baba kwenye miguu ya mtoto. Nikachukua msumeno. Nikakata springi za mbele, nyuma nikatoa jani moja la springi. Gari likashuka, likalala chini kama paka anayevizia. Nikapima nafasi ya tairi na madigadi: vidole viwili. Vinatosha, nikasema. Nilipima gari likiwa tupu! Halina hata mwavuli ndani!

Na sikilizeni upumbavu mwenyewe: watu wa mashindano huyainua magari yao, kwa sababu wanazijua barabara zetu. Mimi nikachukua rimu zao nikalishusha.

Jumamosi vijana wa kona walilizunguka wakipiga miluzi. "Buda, ndai imekubali! Gari limelala!" Nikavimba. Mama yangu alitoka na kanga begani, akalitazama, akanitazama.

"Hili gari mbona limechuchumaa?"

"Ndiyo mtindo, mama."

"Linataka kujisaidia?"

Nikamwona mshamba. Mama yangu mzazi, nikamwona mshamba!

Wanawake wa upande wa Mbugua wakafika, wetu wakawafungia geti, nyimbo zikajibizana mpaka waliokuwa nje wakakubali masharti yote na kufunguliwa. Ndipo Wairimu akatoka. Sitaki kueleza alivyopendeza, nitalia bure. Akakaa mbele. Nyuma akapanda shangazi yetu, mwanamke mwenye mwili wake na hana aibu nao, kisha wakaja na sanduku la bibi harusi, lile ambalo kwetu haliwezi kupanda gari lingine ila analopanda yeye. Blanketi, vyombo, sijui mama alitia mawe! Wakalisukumiza pembeni mwa shangazi. Nikasikia gari linashuka chini yangu pole pole. Vidole vyangu viwili vikawa havina pa kuingia.

Ningeweza kusema. Pale pale ningeweza kusema, "Ngojeni, kuna kosa." Nikatabasamu, nikawasha injini.

Kona ya kwanza, tairi la kushoto likalia. Sauti mbaya, kama nguruwe anayeshikwa mguu. Harufu ya mpira kuungua ikatupanda.

"Kaka, nini inalia?" Wairimu akauliza.

"Ni matairi mapya. Yanajizoesha."

Yanajizoesha! Niliwahi kusema uongo maishani, lakini ule ulikuwa mtoto wa kwanza wa ujinga.

Pale tunapotokea mtaani pana mtaro unaokata barabara, na kila gari hupita juu yake bila shida. Hata wauza maji na mikokoteni yao hupita. Letu likashusha magurudumu ya mbele, likakaa kwa tumbo. Krrr! Madigadi ya kushoto ikauma tairi, faibaglasi ikapasuka, na ule ukingo uliopasuka ukalichana tairi ubavuni. Paa! Shangazi akaita jina la Yesu. Ile madigadi Mbugua aliyoifinyanga kwa miezi, Wairimu aliyoisugua hadi ngozi ikatoka, ilikuwa inaning'inia kama sikio la mbwa.

Nyuma yetu msafara wote wa harusi ukakwama, barabara ni nyembamba na sisi ndio kizibo. Honi, vigelegele, watu wanafikiri ni shamrashamra! Wanaume wakashuka kuinua gari, wakashindwa, mmoja akapasua suruali. Na wale vijana wa kona walionisifu? Walikuja wote. Kucheka.

Upande wa pili wa mtaro akatokea Mzee Salim, jirani yetu, na pikapu yake anayobebea mbuzi wa soko la Kiamaiko. Akasimama, akatazama, wala hakuuliza maswali. "Binti yangu, hapa utakaa mpaka jioni. Panda nikufikishe. Hawa wawili nyuma ni wapole."

Wairimu akashuka. Akainua gauni lake, akaruka mtaro, akashikwa mkono na Mzee Salim. Nikamfuata nikilalamika, "Wairimu, mbuzi? Watu watasema nini?"

Akageuka. "Afadhali mbuzi. Hawa hawatafuti sifa."

Shangazi akabanwa mbele na sanduku juu ya magoti, bibi harusi akakaa dirishani, na mbuzi nyuma wakipiga kelele njia nzima. Hivyo ndivyo dada yangu alivyofika kanisani, na mimi nyuma, na suti yangu, nikining'inia pamoja na wale mbuzi. Watu walikuwa wamejipanga nje kulingoja gari la spoti. Mbugua alikuwa mbele yao, na kando yake yule mzee wa kukodisha magari, amevaa kofia yake nzuri. Mzee akaitazama pikapu, akamtazama mbuzi mmoja akitafuna riboni ya kifuani pangu, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Hili ndilo gari la spoti la zamani?" akauliza. Akaingia gari lake akaenda zake. Ibada hakuingoja.

Ndoa ilifungwa. Wairimu alicheka siku nzima, tena cheko la kweli, ila mimi hakunitazama.

Jioni, Mbugua akiwa bado na suti yake ya harusi, alikwenda mtaroni, nami nikamfuata. Akapiga magoti kwenye vumbi na suti ile, akapeleka ngumi yake kati ya tairi na madigadi. Haikuingia. Akajaribu kidole. Hakikuingia.

"Spoki ziko wapi?"

Nikamwambia.

Nilitamani anipige kofi, Mungu wangu, nilitamani anitukane mpaka apoe! Akainuka, akajipangusa magoti, akasema kwa upole kabisa, "Wewe ni shemeji yangu, hilo halitabadilika. Njoo nyumbani, kula, wabebe watoto wetu tukiwapata. Lakini kufanya kazi pamoja na wewe, basi."

Na amelishika neno lake. Ilimchukua miaka kuanza upya, yeye na dada yangu wakisugua. Leo ana karakana yake, na ina mlango wa chuma ambao asubuhi unafunguliwa kwa kelele mpaka huku kwetu tunausikia. Magari yake ya harusi yamesimama juu kama mbuni, yanapita mitaro yote ya Eastlands. Mimi bado niko kibandani, na lile gunia.

Ninyi vijana mnaopenda kulaza magari ili kona ipige miluzi, endeleeni! Kateni springi, vimbisheni matairi, muwacheke wanaopima kwa magunia. Kona haitakuja kuwasukuma. Na ukimzunguka mwenzako kwa sababu anakuamini, usije ukaniandikia mimi nikuonee huruma. Sina.

Wiki iliyopita nilipita karakana kwa Mbugua. Upepo ulikuwa mkali, na ule mlango ulikuwa umewekewa kitu chini usijifunge. Nikainama kuangalia. Ni kile kipande cha springi nilichokata Ijumaa ile; kumbe alikiokota akakitunza miaka yote. Mlango ulikuwa wazi kabisa, Mbugua yuko ndani, ananiona. Akanipungia mkono, "Habari, shemeji." Nikajibu nzuri, nikaenda zangu.