Jozi ya Tisa

Eufrosina Barrientos alisimama miaka thelathini akigundisha soli katika kiwanda cha viatu, mjini León, na hakuvaa kiatu kabla hajakipapasa ndani kwa vidole. Alipostaafu, miguu imemvimba vifundo vya vidole, aliingia duka la viatu la Don Heliodoro, aliyekuwa msimamizi wake kiwandani. Alijaribu jozi nane, zote akazisukuma pembeni. Ya tisa akabaki nayo mguuni, amekunja uso.

"Mshono unachoma."

"Kinachochoma ni ulimi wako," Heliodoro alifoka. "Miguu kama tangawizi, halafu unataka viatu vya malkia!"

"Tangawizi hizi umezilea wewe, Don Heliodoro, uliponinyima hata kigoda."

Wateja wakacheka. Heliodoro akanyoosha kidole mlangoni. "Nunua au toka!"

Eufrosina akatupa pesa mezani, akatoa mkasi mkobani na kukata tundu kwenye ngozi mpya, pale palipobana kifundo.

"Mwendawazimu wewe! Umekiharibu!"

"Nimekimalizia. Wewe kumaliza kazi hukujua tangu zamani."

Alitembea hadi nyumbani bila kuchechemea, na bado alimchukia mtu yule vilevile.