Kuona Hakupimiki

Wifi yangu alichora kwa miaka kumi na tisa kabla mtu hajamwambia kwamba hajui kufundisha. Amechora vibao vya maduka, sura za marehemu kutoka kwenye picha zilizofifia, na ukuta mzima wa zahanati. Shahada ya sanaa anayo. Kisha akaja kufundisha uchoraji kwa mkataba kwenye shule ambako mimi ni karani, na mkuu wa shule akamwambia waziwazi: usipoleta cheti cha ualimu mwaka huu, darasa la sanaa linageuzwa stoo ya madawati. Ndiyo maana, akiwa na miaka arobaini na miwili, alirudi chuoni kusoma stashahada ya uzamili pamoja na wasanii wenzake, kila mmoja na rangi kwenye kucha.

Mihadhara aliimudu. Kilichomkwamisha ni andalio la somo, ile karatasi ambayo mwalimu huiandika kabla hajaingia darasani, na ndani yake sentensi moja tu: lengo mahususi. Msimamizi wake kutoka chuoni, mzee mpole ambaye walimu walimbandika jina la Bwana Kipimo, alikuja kumkagua mara mbili na mara zote mbili akamwangusha. Kosa lilikuwa lilelile. Wifi aliandika: "Mwanafunzi aweze kuliona birika."

"Kuona hakupimiki," Bwana Kipimo alimwambia pale ofisini kwangu. "Utajuaje kwamba ameona?"

"Nitajua kwenye mchoro."

"Basi andika kuchora."

"Mzee wangu, kuchora wanachora wote. Wanachora birika lililo kichwani mwao. Hili la mezani hawana habari nalo."

Mzee akatabasamu, akalikata lile neno kwa kalamu nyekundu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchapia wifi maandalio yake, kwa hiyo "kuona" nimeifuta na kuirudisha mpaka nikaichukia. Siku nyingine nilitamani kuwagonganisha vichwa wote wawili nirudi kwenye kazi zangu.

Birika lenyewe lilikuwa langu, la bati, limebonyea ubavuni tangu siku lilipomponyoka kaka yangu, mume wake. Wifi aliliazima kwa sababu ya huo mbonyeo. Birika zima, alisema, halimfundishi mtu kitu.

Ikabaki nafasi ya tatu, na baada ya hiyo hakuna nyingine. Nikamkalisha chini.

"Wifi, funika kombe mwanaharamu apite. Mwandikie anachotaka, upate cheti chako. Akishaondoka, fundisha unavyojua."

Alininunia siku mbili. Siku ya tatu akaniletea sentensi mpya nimchapie: ndani ya dakika thelathini, mwanafunzi aweze kuchora birika lenye mdomo, mkono na pande mbili zinazolingana. Kila kimoja alama moja.

"Haya, yanapimika," alisema. "Chapa kabla sijabadili mawazo."

Siku ya ukaguzi nilijifanya nimepeleka daftari la mahudhurio, nikasimama mlangoni. Lengo lilikuwa limeandikwa ubaoni kwa herufi nzuri. Watoto walikuwa wakitazama ubao kuliko birika. Muda ulipokwisha wifi akapita kati ya madawati na kalamu nyekundu, akisahihisha mbiombio huku mzee akiandika nyuma ya darasa. Tatu, tatu, tatu. Nilimwona anatoa alama bila hata kuinua kichwa. Kengele ilipolia, Bwana Kipimo alimpa mkono.

"Hongera, mwalimu. Umefaulu. Umeona sasa?"

Mchana akaja ofisini na ile michoro, thelathini na minane, ya kuweka kwenye jalada lake. Nilishaandaa maneno ya kumpongeza. Kwanza nikaipekua kwa udadisi tu, natafuta mbonyeo wa birika langu. Birika la kwanza, zima. La pili, zima. Mabirika thelathini na saba yalikuwa mapya kabisa, ungedhani yametoka dukani asubuhi hiyo.

Moja lilikuwa la msichana anayekaa dirishani, yule asiyenyoosha mkono. Ubavu wa kushoto ulikuwa umeingia ndani palepale lilipobonyea langu, na hata mkwaruzo mdogo chini ya mkono wa birika alikuwa ameuweka. Chini yake palikuwa na wino mwekundu, kwa mwandiko wa wifi: mbili kwa tatu. Pande hazilingani.

Nilimsogezea wifi. Aliitazama ile karatasi, akatoa ufutio mfukoni, akaanza kusugua.

"Wifi, huo ni wino."

Aliendelea kusugua mpaka karatasi ikatoboka. Mimi niliyemshauri ndiye niliyemnyang'anya ule ufutio.

"Yule mtoto aliiona alama yake, akanirudishia karatasi," alisema. "Kesho atazilinganisha pande."